Je, Wajua? Nembo, Jezi na Kombe la Dunia la Wasio na Makazi

Je, wajua kwamba lipo Kombe la Dunia ambalo mchezaji akishalicheza mara moja, halichezi tena maishani? Si adhabu, ni sheria ya mashindano. Linaitwa Kombe la Dunia la Wasio na Makazi, na ukishapata zamu yako, mwaka unaofuata unampisha mwenzako.

Sasa sikia maajabu yake. Mexico ilitwaa kombe la wanaume 2015, ikalitwaa 2016, ikalitwaa 2018, na 2019 ikalitwaa tena. Mara 4 katika miaka 5, kila mara kwa wachezaji wapya! Hakuna nyota wa kuuza jezi, hakuna nahodha wa kudumu. Sura zote zinaondoka. Kinachobaki uwanjani ni jina, rangi na nembo.

Ndiyo maana leo nimekuletea habari za wabunifu: watu wa nembo, herufi na jezi wanaoyafanyia kazi mashirika ya watu wasio na pa kulala. Usiondoke, wala si habari kavu.

Wajua wazo la kombe hili lilizaliwa Afrika? Mwaka 2001, Cape Town, Mel Young wa Scotland na Harald Schmied wa Austria walikuwa kwenye mkutano wa kimataifa wa magazeti ya mitaani. Mkutano ukaisha, wao wakaendelea kuzungumza. Miaka 2 baadaye mpira ulikuwa unapigwa.

Magazeti ya mitaani ndiyo nini? Ni magazeti yanayouzwa barabarani na watu wasio na makazi: muuzaji hununua nakala kwa nusu bei, anaiuza kwa bei kamili, faida yake mfukoni. The Big Issue la London lilianza 1991, likianzishwa na John Bird na Gordon Roddick. Bird mwenyewe aliwahi kulala mitaani, na leo ni mjumbe wa Baraza la Malordi la Uingereza!

Na umewahi kuwaona wauzaji wake? Kizibao chekundu, kitambulisho kifuani, gazeti mkononi. Ukipita ng'ambo ya barabara unajua yule yuko kazini, haombi. Kwa maoni yangu, kizibao kile ni miongoni mwa kazi bora za ubunifu kuwahi kushonwa, na hakijawahi kupita kwenye jukwaa la mitindo.

Haya, turudi mpirani. Mashindano ya kwanza yalifanyika Graz, Austria, 2003, timu 18 tu. Wenyeji wakaifunga England 2-1 kwenye fainali na kuwa mabingwa wa kwanza. Tena mwaka huohuo Graz ilikuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, kwa hiyo wageni wa opera na wageni wa mpira walipishana barabarani.

Uwanja wenyewe sasa! Mita 22 kwa 16, basi. Chukua uwanja wa kawaida wa mita 105 kwa 68, upange viwanja hivi kwa eneo: vinaingia 20, na nafasi inabaki.

Kila timu ina wachezaji 4 ndani: watatu wa kukimbia na kipa mmoja. Wa akiba ni 4 pia, wanaingia na kutoka watakavyo. Kipindi kimoja dakika 7, mechi nzima dakika 14. Chai yako haijapoa, refa kashapuliza.

Wajua kuna mchezaji anayekatazwa kukaba? Katika wale watatu wa kukimbia, wawili tu ndio wanaoruhusiwa kurudi kulinda lango. Mmoja lazima abaki upande wa adui, kwa hiyo mabao hayakauki. Mwaka 2007 jijini Copenhagen, Scotland iliifunga Poland 9-3, na hiyo ilikuwa fainali!

Sare? Hakuna. Dakika zikiisha mko sawa, zinapigwa penalti mpaka mmoja akosee. Mshindi wa penalti anapata pointi 2, aliyeshindwa anaondoka na 1, aliyeshinda ndani ya dakika 14 anabeba 3. Hakuna anayeondoka kwenye penalti mikono mitupu. Hilo nalo ni ubunifu, japo halichorwi kwa kalamu.

Kadi ya bluu umewahi kuiona? Huku ipo. Ukioneshwa unatoka nje dakika 2, na kwenye mechi ya dakika 14 hizo ni nyingi mno.

Haya, nikuulize wewe: ungeambiwa utafute uwanja wa watu wasio na nyumba, ungewapeleka wapi? Pembezoni mwa mji, nyuma ya ghala? Waandaaji wa kombe hili waliamua kinyume chake. Mwaka 2010 walicheza Copacabana, Rio de Janeiro. Mwaka 2011 walicheza Paris, chini ya Mnara wa Eiffel. Mwaka 2012 wakaingia Zócalo, uwanja mkuu kabisa wa Mexico City, wenye kanisa kuu upande mmoja na ikulu ya taifa upande mwingine.

Hawajaishia hapo. Santiago 2014 walicheza mbele ya ikulu ya rais wa Chile. Amsterdam 2015, kwenye uwanja wa makumbusho, jirani na michoro ya Van Gogh. Glasgow 2016, George Square, katikati ya mji. Na kiingilio? Bure kwa kila mtu, siku zote.

Mahali ambapo mlinzi angemfukuza mtu aliyejilaza kwenye benchi, wiki hiyo mtu huyohuyo anashangiliwa. Kuna studio zinalipwa mamilioni kutafuta wazo lenye nguvu ya namna hiyo, na zinarudi na rangi mpya ya herufi.

Tukigusa rangi, wajua kwamba karibu mwanaume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini hatofautishi vizuri nyekundu na kijani? Ukizipa timu mbili jezi za rangi hizo, watazamaji kadhaa katika umati watakuwa wanaona timu moja inajipasia yenyewe. Mbunifu mzuri hulipima hilo kabla hajagusa kitambaa.

Na nembo yenye rangi 6 inagharimu kuliko ya rangi 2, unajua kwa nini? Katika uchapaji wa skrini, kila rangi inataka fremu yake na mkono wake. Shirika lenye fedha za kuhesabu likipewa nembo ya rangi 2, linabakiza hela za mipira. Kuna wabunifu wanaosahau jambo hili, na mashirika yanabaki na nembo nzuri isiyochapika.

Uzi nao una ukaidi wake. Mstari mwembamba unaong'aa kwenye skrini ya kompyuta hupotea kabisa ukitariziwa kifuani mwa jezi. Kwa hiyo nembo ya michezo lazima isomeke ikiwa ndogo kama sarafu, na isomeke vilevile kwenye bango linalozunguka uwanja mzima.

Nitajie nembo ya michezo inayojulikana kuliko zote. Umesema Nike? Alama yake ile ya mkunjo ilichorwa 1971 na mwanafunzi wa ubunifu, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35. Na Nike hao ndio waliokuja kuwa miongoni mwa wadhamini wa Kombe la Wasio na Makazi. Kazi ya dola 35 ya mwanafunzi ikaishia kwenye jezi za watu waliokuwa hawana hata dola hizo.

Kwa kawaida anayetaka jina lake likae kifuani mwa klabu hulipa, siyo? FC Barcelona waligeuza kibao mwaka 2006. Waliweka jina la UNICEF kwenye jezi, na klabu ndiyo iliyolipa: euro milioni 1.5 kila mwaka! Kabla ya hapo, tangu 1899 ilipoanzishwa, klabu ilikuwa haijawahi kuuza kifua cha jezi yake kwa mdhamini yeyote.

Sogea hapa, kuna hii ya jezi za nyumbani. Desemba 26, 2021, siku Waingereza wanapojaa viwanjani baada ya Krismasi, shirika la Shelter liliwaomba mashabiki na klabu waziache jezi za nyumbani kabatini. Timu zikacheza kwao zikiwa zimevaa za ugenini, ili watu waulize: kulikoni? Jibu: kuna watu ambao hawana nyumbani. Kampeni iliandaliwa na Dark Horses, wakala wa matangazo ya michezo. Haikuhitaji nembo wala jezi mpya. Kila kitu kilikuwa tayari kabatini.

Shelter wenyewe wana historia ya kushangaza. Novemba 16, 1966, BBC ilionesha tamthilia ya Ken Loach, Cathy Come Home, kuhusu familia inayopoteza makazi. Walioitazama ni watu milioni 12. Siku 15 baadaye, Desemba 1, Shelter ikazinduliwa, na nchi nzima ilikuwa bado inazungumzia tamthilia.

Ichunguze nembo yao ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ya studio ya Johnson Banks ya London. Waliichukua herufi h ndani ya jina, wakainyoosha bega lake likawa paa la nyumba. Herufi moja tu! Ukishaliona paa hilo, hutaweza tena kuliona jina bila paa.

Halafu mwaka 2021 studio ya Superunion ikaja na sura nyingine kabisa: paa jekundu la mkono, limepigwa kwa brashi kama la bango la maandamano, linaelekea juu mithili ya mshale. Paa lilelile, ila sasa lina hasira. Mimi naipenda zaidi hii ya pili. Ya kwanza inakuambia nyumba ni kitu kizuri. Ya pili inakuuliza kwa nini wengine hawana.

Barcelona tena, lakini safari hii hakuna mpira. Mwaka 2014 shirika la Arrels, linalohudumia watu wanaolala mitaani, lilishirikiana na wakala wa The Cyranos McCann kuchukua miandiko ya mikono ya watu hao na kuigeuza fonti za kompyuta. Mradi unaitwa Homelessfonts. Kampuni inayotaka kuitumia fonti kwenye chupa au tangazo hulipa, na fedha zinakwenda kwenye shirika.

Fikiria hapo kidogo. Mwandiko uleule ambao jana ulikuwa kwenye kipande cha boksi, ukipitwa na maelfu bila kusomwa, kesho uko kwenye lebo ya bidhaa dukani, na fonti imepewa jina la mwenye mwandiko.

Unadhani ni mpira peke yake? Mwaka 2007, Philadelphia, Marekani, Anne Mahlum alianzisha Back on My Feet, kundi la mbio za watu wanaoishi kwenye makazi ya hifadhi. Wanakimbia mara 3 kwa wiki, saa 11 na nusu alfajiri! Ukihudhuria asilimia 90 ya mbio za siku 30, unaingia hatua ya kusaidiwa kutafuta mafunzo, kazi na nyumba.

Na huko Los Angeles, wajua nani alianzisha klabu ya mbio ya Skid Row, mtaa maarufu kwa watu wanaolala nje? Jaji! Craig Mitchell, jaji wa kesi za jinai, aliianzisha 2012. Aliyemleta mtaani hapo ni mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemhukumu kifungo, akatoka, akaja kumtembelea. Baadaye jaji na wakimbiaji wake walisafiri hadi Accra, Ghana, na Rome kukimbia marathoni.

Bado tuko Los Angeles. Kriketi unaijua, mchezo wa flana nyeupe na mapumziko ya chai. Basi mwaka 1995 timu ya wanaume wasio na makazi kutoka mji huo ilivuka bahari kwenda kuwachezea Waingereza kriketi kwao! Walioianzisha ni Ted Hayes, mtetezi wa wasio na makazi, na Katy Haber, aliyefanya kazi ya utayarishaji kwenye filamu ya Blade Runner. Kutoka hapo ikazaliwa klabu ya kriketi ya Compton, mtaa ambao wengi tunaujua kwa rapu.

Twende India. Mjini Nagpur, mwalimu wa michezo wa chuo, Vijay Barse, alianzisha mpira wa vitongoji duni, na hilo ndilo lililokuwa jina lake la kwanza kwa Kimarathi: Zopadpatti Football. Leo shirika lake linaitwa Slum Soccer, na ndilo linalopeleka timu za India kwenye Kombe la Wasio na Makazi. Mwaka 2022 hadithi yake ikawa filamu, Jhund, na aliyeigiza nafasi ya mwalimu ni nani? Amitabh Bachchan!

Wakorea nao hawakukubali kuachwa nyuma. Filamu yao ya 2023, Dream, yenye Park Seo-joon na mwimbaji IU, ilitokana na safari ya timu ya Korea Kusini kwenye kombe la 2010. Mwaka mmoja baadaye, 2024, Seoul ikawa mji wa kwanza wa Asia kuandaa mashindano yenyewe. Na mwaka huohuo Netflix ikatoa The Beautiful Game, yumo Bill Nighy.

Kabla ya hizo zote ilikuwapo Kicking It ya 2008, filamu ya matukio halisi ya kombe la Cape Town la 2006, simulizi ikisomwa na Colin Farrell. Miongoni mwa wachezaji waliofuatwa na kamera yumo Mkenya.

Ehe, Kenya! Wajua kwamba Kenya ni bingwa wa dunia wa zamani? Mwaka 2011, pale pale chini ya Mnara wa Eiffel, timu ya wanawake ya Kenya ilinyakua Kombe la Dunia la Wasio na Makazi. Uliza mtaani kwenu wangapi wanalijua hilo.

Na bingwa wa kwanza kabisa wa wanawake alikuwa Zambia, Melbourne, 2008. Mwaka huo upande wa wanaume kombe lilikwenda Afghanistan, waliowafunga Warusi 5-4. Sema unavyotaka, lakini Afrika na Afghanistan kubeba makombe yote mawili wiki moja ni jambo ambalo FIFA haijawahi kuliona.

Huu upande wa wanaume, tena, una siri: ni mchanganyiko. Mwanamke anaruhusiwa kucheza kwenye timu hiyo, na hutokea.

Kombe la 2019 lilipokwenda Cardiff, Wales, zaidi ya wachezaji 500 walikuwa wanasubiriwa. Karibu na siku yenyewe, fedha za mradi huo wa pauni milioni 2 zikakosekana. Mwigizaji Michael Sheen akauza nyumba zake, ya Marekani na ya Uingereza, mashindano yakafanyika. Rudia kusoma: mtu aliuza nyumba ili wasio na nyumba wacheze mpira!

David Duke wa Scotland unamfahamu? Mwaka 2004 alikuwa mchezaji wa kombe hili mjini Gothenburg. Mwaka 2007 alikuwa kocha wa kikosi kilichowafunga Poland yale mabao 9. Mwaka 2009 akaanzisha shirika lake, Street Soccer Scotland. Yeye kombe lilimruhusu mara moja tu kama mchezaji, akarudi kwa mlango wa kocha.

Mashabiki wa Manchester United, msininunie. Agosti 2010 klabu yenu ilitoa pauni milioni 7.4 kumnunua Bébé, kijana wa Ureno aliyelelewa kwenye makao ya kanisa. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa anacheza tamasha la mpira wa mitaani huko Bosnia. Na Alex Ferguson alikiri alimsajili bila kumwona akicheza!

Kwa United hakufua dafu, lakini msimwandike marehemu. Januari 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika huko Côte d'Ivoire, Bébé akiwa na jezi ya Cape Verde aliipiga Msumbiji frikiki kutoka mbali mno, ikaingia wavuni. Umri wake? Miaka 33.

Sasa kaa vizuri, maana hii ni yetu. Lipo na Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani, lililoanza Durban mwaka 2010, miezi michache kabla ya lile la FIFA la vuvuzela. Kaulimbiu yao ni maneno matatu: Mimi ni mtu. Timu iliyofika fainali mwaka ule na kufungwa 1-0 na India ilikuwa Tanzania.

Wakarudi nyumbani, wakajipanga. Mwaka 2014, Rio de Janeiro, miezi miwili kabla Messi na Neymar hawajatia mguu, vijana kutoka Mwanza waliovaa jezi ya Tanzania wakaingia fainali tena. Mpinzani wao? Burundi! Fainali ya dunia, ardhi ya Brazil, na Kiswahili kingeweza kusikika pande zote mbili za uwanja. Tanzania 3, Burundi 1. Mabingwa wa dunia, bila mabano wala nyota ya maelezo.

Na wasichana je? Moscow, 2018, timu ya wasichana ya Tanzania ilifika fainali, ikakutana na Brazil, ikashindwa. Kwa hiyo katika makombe matatu ya kwanza, Tanzania ilikuwamo kwenye fainali kila mara, ya wavulana au ya wasichana. Timu ya wakubwa inayoweza kusema hivyo nitajie.

Wajua makao makuu ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya makazi yako wapi? Si New York, si Geneva: Nairobi, Gigiri. UN-Habitat iko hapo, na hata Siku ya Makazi Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza hapohapo Nairobi, 1986. Kaulimbiu ya mwaka ule ilikuwa kwamba makazi ni haki yangu.

Tumefika kwa wasio na makazi wa aina nyingine: wanamichezo waliopoteza nchi nzima. Rio 2016 ndipo Timu ya Wakimbizi iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, watu 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliofanya mazoezi Ngong, Kenya, chini ya bingwa wa marathoni Tegla Loroupe.

Wengine wawili walikuwa wanajudo wa Bukavu, Popole Misenga na Yolande Mabika. Walikwenda Rio mwaka 2013 kwa mashindano ya dunia wakiwa na timu ya Kongo, wakaomba hifadhi, wakabaki. Miaka 3 baadaye, mji uleule, Misenga alimshinda Mhindi kwenye pambano lake la kwanza, ukumbi mzima wa Wabrazil ukimshangilia kama mwenyeji.

Lakini timu isiyo na nchi inapeperusha bendera gani? Rasmi, ile ya Olimpiki. Ila msanii Yara Said, Msyria aliyekimbilia Amsterdam, aliwabunia yao: kitambaa chote rangi ya machungwa, na mstari mmoja mweusi. Unajua rangi hizo alizitoa wapi? Kwenye jaketi okozi, alilolivaa yeye mwenyewe akivuka bahari. Ukipanda boti ya kwenda Zanzibar, yatazame majaketi okozi, utaiona bendera hiyo imekunjwa.

Kamati ya Olimpiki haikuipitisha kuwa bendera rasmi. Timu ikaendelea na zile pete tano, Rio 2016 na Tokyo baadaye, wanamichezo 29 safari hiyo.

Ilipofika Paris 2024 wakapewa nembo yao wenyewe kwa mara ya kwanza: moyo katikati, mishale imeuzunguka, kila mmoja na njia yake. Na katika michezo hiyohiyo bondia Cindy Ngamba, mzaliwa wa Cameroon, akashinda medali ya shaba uzito wa kilo 75, medali ya kwanza kabisa ya Timu ya Wakimbizi.

Hesabu mwenyewe basi. Rio bila nembo yao, medali 0. Tokyo bila nembo yao, medali 0. Paris na nembo yao, medali 1. Najua, najua, nembo hairushi ngumi. Lakini hesabu ndiyo hiyo!